Nilikwenda Dar es Salaam kununua motokari



Zamu yangu ya likelemba ilipofika, niliunganisha feza ile na akiba ya mume wangu, nikafunga safari kwenda Dar es Salaam kununua motokari kuukuu ya Japani, kama wanavyofanya watu wengi wa Lubumbashi. Tulivuka Kasumbalesa, tukaikata Zambia mpaka Tunduma, kisha Tanzania yote hadi pwani. Nilifika miguu imevimba.

Mdogo wangu ameolewa huko, anakaa Kimara, kando ya barabara ya Morogoro. Asubuhi ya kwanza nikamwambia tutafute taksi ya kutupeleka mjini. Akacheka. "Dada, na hiyo taksi utafika saa ngapi? Twende na mwendokasi."

Mwendokasi ndilo jina ambalo watu wamezipa bisi ndefu zilizoanza kazi mwaka 2016. Katikati ya barabara wametenga njia yao peke yao, motokari za watu binafsi haziingii. Njia ya kwanza ina kilomita 21 hivi: inatoka Kimara mpaka Kivukoni kwenye pantoni, na ina matawi ya Kariakoo na Morocco. Unalipa mbele ya kupanda, na kituo kimeinuliwa kikawa sawa na mlango wa bisi. Nilimwona mama mwenye mimba kubwa, na bibi mwenye fimbo, wakiingia bila kupanda ngazi. Nikakumbuka sisi tunavyorukia taksi-bisi na mtoto mgongoni.

Tulisimama njia yote, tumebanana; hilo nalo niliseme. Tena mvua ikizidi, mto Msimbazi hufurika pale Jangwani na njia hufungwa. Lakini dirishani niliona mstari mrefu wa motokari zimesimama, nyingi na mtu mmoja tu ndani, zikichoma esansi bure. Bisi moja ndefu inabeba watu zaidi ya mia moja. Hata ikitumia mazuti, moshi wake ukigawanywa kwa watu wote hao, fungu la kila mmoja ni dogo sana. Na ndani ya moshi huo ndimo ilimo hewa ya kaboni, inayozidisha joto la dunia na kuvuruga mvua tunayoingojea na mbegu mkononi.

Mdogo wangu anauza vitenge Kariakoo. Zamani alitoka nyumbani watoto wamelala, akarudi wamelala. "Mtoto wangu wa kwanza alikuwa anamwita jirani mama," aliniambia, akageuza uso. Sasa anakula nao chakula cha jioni.

Motokari niliinunua, sitawaficha. Hapa kwetu bisi za namna ile hazipo, na mume wangu alikuwa anangoja. Lakini tangu ifike, haitoki ndani ya lupango na kiti kitupu. Asubuhi inapeleka watoto wa nyumba tatu masomoni, na saa ya soko wamama wawili wa kartiye wanapanda pamoja nami. Tunachanga esansi.

Hata hivyo motokari yangu ina viti vitano tu. Mji mzima unahitaji bisi. Kwa hiyo naomba katika mkutano wetu ujao tuandike barua moja kwa komini: tuombe bisi kubwa zenye saa inayojulikana, na mahali salama pa kuzingojea, penye kivuli na taa. Kila mama aje na hesabu mbili: kwa juma moja nyumba yake inatumia faranga ngapi kwa safari za mjini, na yeye mwenyewe anapoteza saa ngapi njiani. Hesabu hizo tutaziandika zote ndani ya barua. Mama asiyejua kuandika aje pia, atatuambia kwa mdomo.