Punje Nzuri kwa Macho

Kazi yangu ni kupima uotaji wa mbegu, na mahindi yanayonitia wasiwasi zaidi ni yale yanayopendeza. Punje iliyosinyaa mkulima huitupa mwenyewe. Punje nene, inayong'aa, inaweza kubeba kuvu ya Fusarium ndani yake bila doa hata moja. Kuvu hii huingia shambani, kupitia ndevu za hindi au tundu la funza wa mabua, ikatulia humo mpaka punje ipate maji.

Maabara tunapima punje 400 kwa mafungu ya mia mia, kwenye karatasi yenye unyevu au mchangani, kwa joto la nyuzi 25. Tunahesabu siku ya nne, kisha ya saba. Hapo siri hutoka. Fusarium hutoa utando mweupe wenye uwaridi kwa mbali. Aspergillus, kuvu mkazi wa ghalani, hutoa vumbi la kijani. Mzizi huchomoza vizuri, halafu ncha inageuka kahawia na kulainika. Mche huo umeota, lakini siuhesabu kuwa mzima. Ila uozo ukiwa umetoka kwa punje jirani, kanuni za upimaji zinautetea: ni mche mzima. Kuamua kuoza kumeanzia wapi ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na kuvu ikitapakaa karatasi nzima, narudia kipimo mchangani.

Wakulima huniuliza dawa. Dawa ya kupaka mbegu huzuia kuvu ya kwenye ganda na ya udongoni, lakini haifufui kiinitete kilichokufa. Kinachookoa mbegu ni kuvuna mapema na kukausha hadi unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Inaniuma kuona mahindi yaliyokomaa yakinyeshewa shambani, au magunia yamelazwa juu ya sakafu tupu.

Tena, mbegu iliyoshindwa kuota isirudishwe jikoni. Ikiwa imepakwa dawa, ni sumu. Ikiwa ina ukungu wa kijani, huenda ina sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Ndugu mkulima, kabla ya mvua chota punje 100 bila kuchagua, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kisha zifungue siku ya saba. Usihesabu zilizochomoza tu. Tazama mizizi.