Kwani Aibu Ni ya Nani?

Mwezi uliopita niliposti picha ya nyanya yangu. Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ilikuwa kwenye sanduku lake la bati kule Kinango. Yeye bado msichana, amevaa hando, ile sketi ya marinda mengi inayofura kiunoni, na shanga shingoni. Kifua wazi, vile mabinti wengi wa Kiduruma walivyokaa enzi hizo. Nikaandika neno moja tu: "Malkia."

Wacha nitukanwe! "Laana." "Futa huu uchafu." Mmoja akanimaliza kabisa: "Chuo kilikushinda, sasa umebaki kumvua nyanyako nguo ndio upate laiki."

Kilichoniuma ni kwamba wengi wao ni watu wa huku huku kwetu. Panda matatu Kinango hadi Kwale, unganisha mpaka Ukunda, jioni uko ufuoni Diani. Mgeni amelala mchangani na bikini ya kamba mbili na hakuna anayetaja laana. Tunamuuzia madafu. Lakini mgeni huyo huyo akienda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio hapo karibu, anafungwa kaniki nyeusi kwanza ndio aingie. Mtu ni yule yule, mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali, na mwenye mahali.

Hata neno "uchi" lenyewe. Kwa Kiswahili mnalijua. Kwa Kiduruma ni pombe ya mnazi, ile mzee anayowamwagia koma akiombea watoto. Jirani yake Mwislamu haonji, kwake ni haramu. Na wote wawili wamezikana miaka yote bila kuitana washenzi.

Shida huanza mtu akipata nguvu ya kuamulia wengine. Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamaasai walishurutishwa kuvaa nguo "za kistaarabu", eti wanatembea uchi. Miaka hiyo hiyo, Umoja wa Vijana wa TANU ukapiga vita minisketi Dar es Salaam, eti ni uzungu. Huyu kosa lake ni kutoiga, yule kosa lake ni kuiga. Ukiangalia sana, wenye miili yao hawakuulizwa.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila kitu ni sawa bora tu ni mila. Novemba 2014, Nairobi, wanaume walimvua mwanamke nguo mbele ya watu, eti amevaa vibaya. Wanawake wakaandamana, na kabla mwaka kuisha sheria ikafanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa la jinai. Wale wanaume walijiita walinzi wa maadili. Hapo mkosa maadili alikuwa nani?

Basi nikaenda nyumbani na hasira zangu, nikamsomea nyanya zile komenti zote. Alicheka mpaka akakohoa. "Kifua hiki kimenyonyesha watoto saba. Nimfiche nani?"

Nikajua nimeshinda. Halafu akauliza, "Hawa wote wameniona?"

"Ndio, nyanya."

"Ni wangapi?"

"Kama elfu kumi na mbili hivi."

Akanyamaza kidogo. "Wakati ule walioniona nilikuwa nawajua. Na wao walinijua mimi ni mtoto wa nani. Mbona hukuniuliza, mjukuu wangu?"

Kila aliyenitukana nilikuwa na jibu lake. La nyanya sikuwa nalo.

Picha nimeifuta. Si kwa sababu ya laana zenu. Nimeifuta kwa sababu mimi pia nilimuamulia.

Sasa niambieni: ni jambo gani la kawaida kwenu ambalo kwingine mngechekwa nalo? Semeni yenu. Ya nyanya zenu, waulizeni kwanza.