Kengele ya Vifaranga

Nilizaliwa na kukulia Nyamisangura, kata iliyomo katika mji wa Tarime, mkoani Mara. Tarime iko katika nyanda za juu, karibu na mpaka wa Kenya. Wenyeji wake hulima mahindi, migomba, mihogo na kahawa, nao hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Usiku huko huwa na baridi, hasa katika miezi ya Juni na Julai. Baridi hiyo ndiyo iliyonifundisha somo ambalo sijalisahau mpaka leo, nami napenda kuwasimulia.

Mwaka 2017 nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Mama yangu alikuwa katika kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mwezi wa Juni alikopa fedha, akanunua vifaranga 50 wa siku moja. Alikusudia kuwalea mpaka wakue, awauze, alipe deni lake, na faida itakayobaki anunue mabati ya kuezekea jiko.

Je, mmepata kumshika kifaranga wa siku moja? Manyoya yake ni mororo sana, lakini hayatoshi kuhifadhi joto la mwili wake. Kuku mwenye watoto huwafunika kwa mbawa zake. Vifaranga wa kununuliwa hawana mama, kwa hiyo mfugaji hana budi kuwapatia joto. Katika juma la kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi. Baadaye joto hupunguzwa kidogo kidogo kila juma, mpaka waote manyoya kamili.

Mama aliwaweka vifaranga wake katika chumba kidogo. Aliwazungushia ukuta wa maboksi, na katikati akaweka jiko la mkaa lililofunikwa kwa chungu kikubwa. Dirisha la juu aliliacha wazi, kwa sababu mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Kila usiku aliamka mara mbili kuongeza mkaa, na alfajiri alikwenda shambani. Baada ya siku tatu macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimhurumia sana, nikatafuta njia ya kumsaidia.

Wakati huo mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuletea vibao vitatu vya umeme katika Klabu ya Sayansi. Kila kibao kilitoshea katika kiganja. Juu yake palikuwa na kitu cheusi chenye miguu 28 ya chuma, mithili ya jongoo. Mwalimu alituambia kuwa kitu hicho huitwa maikrokontrola.

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo sana iliyojengwa ndani ya kipande kimoja. Haina kioo wala vitufe vya kuandikia. Kazi yake ni kupokea habari, kuzilinganisha na maagizo iliyopewa, kisha kutoa amri. Maagizo hayo huitwa programu. Mtu huyaandika katika kompyuta ya kawaida, kisha huyapeleka katika maikrokontrola kwa waya. Maikrokontrola huyahifadhi hata umeme ukizimwa.

Wahandisi Gary Boone na Michael Cochran wa kampuni ya Texas Instruments ya Marekani waliunda maikrokontrola ya kwanza mwaka 1971. Vibao vyetu viliitwa Arduino. Vibao vya aina hiyo vilianza kutengenezwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio mafundi waweze kujifunza kwa gharama ndogo.

Niliomba ruhusa ya kwenda na kibao kimoja nyumbani. Mwalimu alikubali, akanipa pia kipimajoto cha umeme kiitwacho LM35. Hicho ni kijipande chenye miguu mitatu. Kila joto linapopanda kwa uzi mmoja, umeme unaotoka katika mguu wa katikati huongezeka kwa milivolti 10. Kwa hiyo, joto likiwa nyuzi 32, kipimajoto hutoa volti 0.32. Maikrokontrola huusoma umeme huo, hivyo hutambua joto lililopo. Fundi redio mmoja wa mjini alinipa kengele ndogo ya umeme na betri kuukuu ya pikipiki iliyokuwa bado na nguvu.

Niliandika programu fupi. Kwa maneno yetu ilisema hivi: "Pima joto. Likiwa chini ya nyuzi 32, piga kengele. Lisipokuwa hivyo, nyamaza. Ngoja sekunde 10, kisha anza tena." Niliunganisha waya, nikatoka nje kwenye baridi. Kengele ililia. Niliposogea karibu na jiko, ilinyamaza. Nilifurahi kupita kiasi, nikadhani kazi imekwisha.

Jioni nilikitundika kipimajoto kwa uzi, shubiri mbili juu ya kile chungu. Sikutaka kukiweka chini, maana niliogopa kuwa vifaranga wangeidonoa ile waya. Kisha nikamwambia mama, "Leo ulale, mama. Joto likipungua, kengele itatuamsha."

Mama alinitazama. "Mura, una hakika?" aliuliza.

"Nina hakika," nilimjibu.

Tulilala. Kengele haikulia usiku kucha. Alfajiri mama aliingia katika kile chumba, nami nikasikia ananiita kwa sauti ya chini. Vifaranga walikuwa wamerundikana katika pembe moja, kila mmoja akitafuta joto la mwenziwe. Waliokuwa chini ya rundo walikuwa wamekosa hewa. Tuliwahesabu. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa.

Kwanza niliilaumu mashine. Nilikichukua kipimajoto cha kawaida cha Klabu, nikapima karibu na LM35. Nilipata nyuzi 33. Kisha nikapima sakafuni, katika ile pembe. Nilipata nyuzi 24 tu. Ndipo nilipoelewa. Mkaa ulikuwa umefifia, lakini chungu cha udongo hutunza joto kwa muda mrefu. Hewa iliyopashwa moto na chungu ilipanda juu, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Kipimajoto changu kilikuwa katika njia ya hewa hiyo. Hewa ya baridi ilikaa chini, mahali walipokuwa vifaranga.

Mashine haikukosea. Ilipima kwa usahihi mahali nilipoiweka. Mimi ndiye niliyeiweka mahali pasipo vifaranga. Tena, nilikuwa nimeijaribu mara mbili tu, nikaridhika kwa sababu majibu yalinipendeza.

Mama hakunigombeza. Aliniambia, "Mimi nikiingia usiku, sitazami jiko. Natazama vifaranga. Wakirundikana, wana baridi. Wakikimbilia ukutani huku wakihema, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika na kulala, wameridhika." Maneno hayo yalikuwa sayansi safi, nami nilikuwa nimekaa nayo nyumba moja miaka yote bila kuyauliza. Mwezi ule mama aliuza mbuzi mmoja ili alipe sehemu ya deni lake.

Siku ile ile nilianza upya. Kipimajoto nilikitia ndani ya kopo dogo la bati lililotobolewa matundu, ili hewa ipite na vifaranga wasiweze kudonoa waya. Nikalifunga kopo katika pembe iliyo mbali na jiko, sentimeta 5 kutoka sakafuni, sawasawa na mgongo wa kifaranga. Kisha nikapima pembe zote nne kila saa moja tangu asubuhi hadi usiku, nikayaandika majibu katika daftari. Usiku wa kwanza sikulala. Kengele ililia saa nane. Nilipochungulia, vifaranga walikuwa wameanza kusogeleana. Tuliongeza mkaa, wakatawanyika tena. Tangu siku hiyo mama aliweza kulala mpaka kengele imwamshe, ingawa mara moja kila usiku aliendelea kuingia kuwatazama. Sikumzuia tena. Vifaranga 39 waliobaki walikua wote.

Baadaye nilisoma habari za Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa Kitengela, nchini Kenya. Simba kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi walikuwa wakila ng'ombe wa nyumbani kwao. Alipokuwa na umri wa miaka 11, aliunganisha betri ya gari, kifaa cha kuwashia taa za ishara za pikipiki, na taa ndogo za tochi. Taa hizo zilizunguka boma, zikimetameta kana kwamba mtu anatembea na kurunzi. Simba waliogopa. Lakini hakufanikiwa mara ya kwanza. Alianza na moto, kisha sanamu ya kuogofya, na zote mbili hazikufaa. Usiku mmoja alipokuwa akitembea na tochi, ndipo alipogundua kuwa simba huogopa mwanga unaosogea. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuueleza uvumbuzi wake.

Wanafunzi, huenda nanyi siku moja mtatengeneza vyombo vya namna hii. Hapa Tanzania, wanafunzi wa sekondari walianza kuonyesha kazi zao katika maonyesho ya Young Scientists Tanzania, mjini Dar es Salaam, mwaka 2012. Mtakapofika huko, kumbukeni kuwa chombo hakijui unachokitaka. Hujua tu ulichokiagiza, na huona tu pale ulipokiweka. Kwa hiyo kijaribuni mara nyingi, mahali pale pale kitakapofanyia kazi. Tena, muulizeni kwanza yule aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake kabla yenu.

Jaribio

Chukueni vipimajoto viwili. Mkiwa na mwalimu wenu, wekeni kimoja sakafuni katika chumba chenye jiko lililowashwa, madirisha yakiwa wazi. Kingine kitundikeni juu, karibu na dari. Ngojeni dakika 15. Andikeni joto la kila kipimajoto katika daftari.

Maswali

1. Kwa nini vifaranga wa siku moja wanahitaji kupewa joto?
2. Kipimajoto cha LM35 kikitoa volti 0.35, joto ni nyuzi ngapi?
3. Kwa nini kengele haikulia usiku ule wa kwanza?
4. Mama alitambuaje kuwa vifaranga wana baridi bila kutumia kipimajoto?
5. Tajeni kazi moja ya nyumbani kwenu ambayo kengele ya namna hii ingeweza kuisaidia. Mngekiweka wapi kipimajoto, na kwa sababu gani?