Jinzi: Unavaa Mwili Wako au Unavaa Mwaka?

  Leo naomba tuweke kando siasa, bei ya karafuu na habari za mahakamani, ingawa ndizo zinazonilisha. Nataka tuzungumze suruali. Ndiyo, suruali, tena jinzi. Najua wapo watakaosema huyu mwandishi kaishiwa habari. Sawa, lakini nijibuni swali moja tu: hiyo jinzi yako uliichagua kwa sababu inakukaa vizuri, au kwa sababu ndiyo inayovaliwa mwaka huu?

Nauliza kwa sababu hapa Chake Chake naona vijana wenzangu wanahangaika. Miaka michache nyuma kila mtu alikuwa ndani ya modo, zile za kubana mpaka unajiuliza mwenyewe kaingiaje na atatokaje. Sasa mabwanga yamerudi, suruali pana kama walizokuwa wakivaa kaka zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wale wale waliokuwa wakiyacheka ndio wa kwanza kuyatafuta. Mwembamba kavaa, mnene kavaa, mfupi kavaa, mrefu kavaa. Jamani, mtindo mmoja utawapendezaje watu wote hao? Mimi nasema kata ya jinzi ichaguliwe na mwili wako na kazi unayoifanya ukiwa umeivaa. Mwaka haukujui, usiuachie ukuchagulie.

Aliyenifanya nilitafakari jambo hili ni mdogo wangu. Ana miaka 19, ni mrefu, na miguu yake ni myembamba kweli kweli. Wenzake walimpa jina la Fito. Wakati ule wa modo, siku moja ya mwezi wa Februari, kaskazi imeshika na jua linachoma, nilimkuta chumbani anajiandaa kutoka. Ndani ya jinzi yake alikuwa amevaa suruali nyingine ya michezo ili miguu ionekane imejaa. Suruali mbili, Pemba, mwezi wa Februari! Nilimuuliza kulikoni, akanijibu bila kuniangalia: "Kaka, wewe unayo miguu, huwezi kujua."

Alisema kweli. Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 5, na mapaja yangu yamejengwa na mpira wa utotoni. Kwangu modo ilikuwa ikifika katikati ya paja inagoma. Kwa hiyo mtindo ule ule, kwa ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ulikuwa unamuumbua na mwingine haumwingii. Na bado sote wawili tuliambiwa kwamba asiyevaa hiyo amepitwa na wakati.

Hebu turudi nyuma kidogo. Jinzi haikuzaliwa kuwa pambo. Tarehe 20 Mei 1873, huko Marekani, Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyetokea Ujerumani, na fundi cherehani Jacob Davis wa mji wa Reno walipewa hati ya kulinda ubunifu wao wa kutia vishikizo vya shaba kwenye pembe za mifuko ya suruali. Shida iliyomsumbua Davis ilikuwa moja tu: suruali za watu wa kazi ngumu zilikuwa zinachanika mifukoni. Wateja wa mwanzo walikuwa wachimba madini na vibarua. Kata yake ilifuata kazi: nafasi pajani ili mtu achuchumae, kiuno juu ili isivuke. Mtindo ulikuja baadaye sana.

Wazee wetu nao walikuwa na mwaka wao. Katika miaka ya 1970 dunia nzima ilivaa suruali za kubana mapajani na kufunguka chini kama tarumbeta. Bara waliziita pekosi, Zanzibar tukaziita bugaluu. Bara tayari ilikuwepo Operesheni Vijana ya umoja wa vijana wa TANU, iliyoanza Januari 1969 kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Na huku kwetu serikali ya Mapinduzi nayo ikayapiga marufuku mabugaluu, na vijana wa Afro-Shirazi wakawa wanawaandama wavaaji. Ami yangu anasema yake aliificha chini ya sanduku la khanga za bibi. Nikamuuliza, "Ami, lakini ilikuwa inakupendeza?" Akafikiri, akasema: "Mwanangu, hata siku moja. Lakini ilikuwa imekatazwa, utaachaje kuivaa?"

Mnaona mambo hayo? Anayekukataza na anayekulazimisha wanafanana, hakuna hata mmoja kati yao anayekuangalia wewe. Wote wanaiangalia suruali.

Sasa tuje kwenye soko letu. Wengi wetu jinzi tunazitoa kwenye mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyokuwa ikitolewa chini ya mpango wa AGOA, nchi nyingine zikalegea, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Marobota yakaendelea kuja. Kwa maana hiyo ndani ya robota moja utakuta jinzi za miaka 15 tofauti zimebanwa pamoja: modo, bwanga, pekosi, iliyonyooka, zote. Watu huona hiyo ni taabu. Mimi naona ni bahati. Kijana wa Ulaya akiingia dukani anakutana na kile kilichoamuliwa msimu ule. Sisi mbele ya fungu la mitumba tuna kata zote, kazi yetu ni kujua tunachokitafuta.

Na jinzi ya mtumba ina uzuri mwingine. Jinzi mpya ya pamba tupu hurudi ikifuliwa mara ya kwanza, leo inakutosha, kesho kutwa kifungo hakifiki. Ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi huko ilikotoka, imerudi na kumaliza. Unachopima ndicho utakachovaa.

Utachaguaje basi? Nitaeleza ninavyofanya mimi, nanyi mtaongeza.

Kwanza kiuno. Sokoni hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo sote tunajua ule ujanja wa shingo: unaifunga jinzi kifungo, unaizungusha kiuno chake shingoni, ncha mbili zikikutana kisogoni bila kuvutana, kiuno kinakutosha. Ujanja huu hufanya kazi kwa watu wengi, lakini shingo haijui lolote kuhusu mapaja wala makalio. Kwa hiyo usiishie hapo. Ukiweza, ipandishe juu ya suruali uliyovaa au nenda na suruali yako moja inayokukaa vizuri, uilaze juu ya ile unayotaka kununua. Suruali yako ya zamani ni kipimo kuliko kibandiko cha namba.

Pili, angalia urefu wa kutoka pale mapaja yanapokutana mpaka kwenye kifungo. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukiwa mfupi, jinzi yenye kiuno cha chini sana inafanya kiwiliwili kionekane kirefu na miguu mifupi zaidi. Ukiwa na tumbo, jinzi inayofungwa chini ya tumbo italisukuma mbele kila mtu alione. Inayokaa kiunoni hasa inatuliza mambo yote mawili.

Tatu, paja. Simama, ubane kitambaa cha pajani kwa vidole viwili. Ukipata kama inchi moja, hiyo ni nafasi nzuri. Usipopata kitu, imekubana. Ukipata konzi nzima, imekumeza. Mwenye mapaja kama yangu atafute nafasi juu na mguu unaopungua kidogo kuanzia gotini. Mwembamba kama mdogo wangu atafute mguu ulionyooka na kitambaa kilicho kigumu kidogo, kisichokuwa na mpira. Kitambaa cha mpira kinafuata mfupa, kigumu kinasimama chenyewe.

Nne, goti. Jinzi ya mtu mrefu haigeuki ya mtu mfupi kwa kukata pindo tu. Goti la suruali litabaki kwenye ugoko wako, na pale panapotakiwa kuwa pembamba patakuwa pameshakatwa. Hapo ndipo tunapomhitaji fundi cherehani. Fundi mzuri atakupunguzia kiuno inchi 1 au 2, na mguu kuanzia gotini kushuka chini. Ukimwambia apunguze kiuno inchi 4, mifuko ya nyuma itakaribiana mpaka isalimiane. Na kumbuka, kupunguza ni rahisi, lakini kuongeza kitambaa ambacho hakipo hakuna fundi anayekuweza.

Baada ya hapo kuna mitihani ya hapa kwetu, ambayo hakuna jarida la mitindo litakalokuandikia. Wa kwanza ni kutawadha. Mtu unatakiwa kuosha miguu mpaka kwenye vifundo, mara kadhaa kwa siku. Jaribu kupandisha mguu wa modo uone, unakuwa unapigana na suruali mbele ya mfereji huku watu nyuma yako wanasubiri. Wa pili ni sijda. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti. Ukivaa mlegezo, ukisujudu mtu wa safu ya nyuma ndiye anayepata tabu. Ukivaa ya kubana, ukiinama inachora kila kitu, na mshono nao unakaa roho juu.

Wa tatu ni wa kazi yangu. Mwandishi wa habari Pemba haketi ofisini. Leo uko kwa sheha, umekaribishwa ukae kwenye mkeka, umekunja miguu saa nzima. Kesho unavuka kwenda Kojani kuzungumza na wavuvi, mashua haifiki kavu, unakunja suruali na kushuka majini. Kesho kutwa uko nyuma ya bodaboda unakwenda kwa wachumaji karafuu. Jinzi inayonifaa ni ile ninayoweza kuivaa sehemu zote tatu bila kuifikiria. Kwa sababu nikiifikiria suruali, simsikilizi mtu anayezungumza nami. Na yeye akiifikiria suruali yangu, hanipi habari.

Mzee mmoja wa kijijini aliwahi kuniambia baada ya mahojiano kwamba kijana aliyekuja kabla yangu kumuuliza mambo hayo hayo hakumjibu, kwa sababu kila akiinama kuandika, alimgeuzia mgongo mkewe. Wapo mtakaosema mzee alikosea, habari haitokani na suruali. Na mimi nakubali, mtu asihukumiwe kwa nguo. Lakini mzee yuko nyumbani kwake, na mimi ndiye niliyepiga hodi. Na heshima hiyo hainizuii kupendeza. Jinzi ya rangi ya buluu iliyokoza, iliyonyooka, inayokaa kiunoni, pindo likigusa kiatu bila kujikunja kunja, inapendeza mbele ya sheha na inapendeza kwenye harusi ya rafiki. Ilipendeza wakati wa modo na inapendeza sasa wakati wa mabwanga. Wenzangu wananiita babu. Babu mwenyewe hajanunua jinzi miaka 3, wao kila Sikukuu wanaanza upya.

Na Fito je? Tulikwenda pamoja sokoni, tukapekua tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alitaka bwanga, nikamwachia ajaribu, akajiangalia kwenye kioo cha muuzaji na akaona mwenyewe, alikuwa kama mlingoti na tanga lililokosa upepo. Mwishowe tukaipata moja, iliyonyooka, kitambaa kigumu, kiuno 30. Fundi akaipunguza kidogo chini ya goti. Jina lake halijabadilika, bado ni Fito, maana watu wa Chake wakishakupa jina ndiyo basi. Lakini ile suruali ya michezo sasa anaivaa kwenda mazoezini tu.

Siwaambii watu wote wavae ninachovaa mimi. Ukiwa mrefu mwenye mabega mapana, bwanga huenda likakutoa vizuri sana, livae, na ulivae hata mwaka litakapochekwa tena, kwa sababu litachekwa. Ukiwa mtu ambaye modo ilimpendeza, usiitupe kwa sababu ya kelele za mtaani. Ninachoomba ni kimoja: kabla hujatoa pesa, simama, chuchumaa, inama, kaa chini, halafu ndiyo ujiangalie. Ukiweza kuyafanya yote hayo bila kuivuta suruali, hiyo ni yako.

Haya, mimi nimesema yangu. Ninyi wenzangu mnachaguaje? Na mafundi mlioko humu, msitufiche siri zenu.

Wasalaam.