Kulala Njiani

Kutoka Dar es Salaam hadi Makete ni zaidi ya kilomita 800, na mdogo wangu anazihesabu kama kazi ya siku moja. Yeye ni dereva wa lori la mafuta; barabara ya kwenda Zambia anaijua kama uani kwake. Nilipomwambia kwamba mama anataka kurudi nyumbani na kwamba mimi ndiye nitakayemwendesha, alinipa ratiba papo hapo kwenye simu: tutoke saa kumi alfajiri, saa mbili usiku tuwe tunakula kwa mama mkubwa. Baadaye akalegeza kidogo. "Ukichoka, laleni Makambako. Mara moja tu, dada. Njia ikilalwa sana inachosha."

Mama ana miaka 74. Amekaa kwangu miaka sita, tangu moyo ulipoanza kumsumbua. Ndege aliikataa. Treni ya TAZARA, ambayo ingetufikisha Makambako akiwa amejinyoosha kitandani, aliikataa pia. "Nilishuka na barabara hii nikiwa bibi harusi," alisema, "nitapanda nayo." Ukishajibiwa hivyo na mama wa Kikinga, unatafuta daftari na kalamu.

Nilianza na kilomita, kama kila mtu anavyoanza. Dar hadi Morogoro, karibu 190. Morogoro hadi Iringa, kama 310. Iringa hadi Makambako, Makambako hadi Njombe, Njombe hadi Makete. Nikazigawa kwa mwendo, nikaongeza saa za kula, nikapata siku mbili na usiku mmoja. Nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na choo?"

Nikamwambia vituo vya mafuta ni vingi njiani. Akanyamaza.

Siku ya pili yake, tukichambua mchele, aliniambia kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani. Miongoni mwa dawa zake kuna kidonge cha kupunguza maji mwilini. Akikinywa asubuhi, saa tatu au nne zinazofuata ni za kwenda na kurudi msalani. Basi halisimami kila abiria anapotaka, na mwanamke wa umri wake hawezi kumwomba kondakta asimamishe gari kila baada ya nusu saa, ashuke mbele ya watu hamsini, atafute kichaka. Kwa hiyo kila aliposafiri kwenda Makete alikiacha kidonge siku ya kuondoka, na siku iliyotangulia pia, kwa usalama zaidi. "Nikifika naendelea nacho," alisema, akipuliza pumba.

Ndiyo maana alikuwa akifika amevimba miguu na pumzi zimemjaa kifuani. Mama mkubwa alikuwa akinipigia simu kusema ni baridi ya milimani.

Daktari wake alisema jambo moja ambalo halikuwa na mjadala: kidonge kisiachwe. Saa ya kukinywa inaweza kusogezwa, ikawa mapema zaidi. Na mama asikae kwenye kiti zaidi ya saa mbili bila kushuka na kutembea, kwa sababu damu hutuama miguuni. Nilirudi nyumbani nikafungua ukurasa mpya wa daftari. Safari hii sikuanza na kilomita. Niliandika: saa kumi na moja alfajiri, kidonge. Chini yake nikaandika: saa nne asubuhi, kuondoka. Halafu nikaandika saa kumi na moja jioni, kwa sababu milimani sitaki kuwa barabarani jua likizama. Kila siku ya safari ilibidi iingie humo. Hapo ndipo usiku mmoja ulipogeuka kuwa tatu: Morogoro, Iringa na Njombe.

Mdogo wangu aliposikia Morogoro, alicheka hadi simu ikakatika. Akapiga tena. "Morogoro unalala? Hapo hata hujaondoka! Nendeni mkalale Mikumi." Lakini ukitoka Dar, hifadhi ya Mikumi inatangulia, mji wa Mikumi unafuata. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Spidi ina mpaka, matuta ni mengi, na anayemgonga mnyama hulipa faini. Tukiondoka saa nne na kusimama kila baada ya saa mbili, tungeiingia jioni, wakati tembo na nyati wanavuka. Nikamweleza. Kisha nikamweleza na habari ya kidonge, kwa sababu hakuna namna ya kuieleza ratiba hii bila kidonge.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilisikia injini ya lori lake ikinguruma. "Sawa," akasema, akakata.

Kesho yake asubuhi nilikuta ujumbe mrefu kwenye simu. Aliuandika jina la kituo kimoja kimoja, kuanzia Chalinze hadi Njombe. Vituo vya mafuta, migahawa, hata kanisa moja lenye mlinzi mpole. Mbele ya kila kimoja ameweka maelezo: choo cha kukaa, choo cha shimo lakini safi, maji yapo, ngazi mbili tu, hapa usisimame. Katika miaka yake yote barabarani sikuwahi kumsikia akizungumzia vyoo. Sasa nilikuwa na ramani ya barabara ya Zambia ambayo haiuzwi dukani.

Chini kabisa aliongeza maelekezo ya Kitonga. Ukipita Ruaha Mbuyuni, penye joto na mibuyu na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara, njia inaanza kupanda ukuta wa mlima kuelekea Ilula. Kona zimekunjamana, upande mmoja jabali, upande mwingine korongo, na malori yanayokwenda Tunduma yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lori moja likilala pale, foleni huweza kukaa saa nyingi. Kwa hiyo tusianze kupanda bila maji ya kunywa, chakula, na mama kuwa ametoka msalani dakika hiyo hiyo. Nisijaribu kulipita lori kwenye kona hata likinikera. Na kushuka, aliandika, ni kwa gia ile ile uliyopandia; breki si za kukanyagiwa mlima mzima, zikichemka zinakuacha. Gari langu ni la otomatiki, kwa hiyo alinieleza lini nishushe mkono kwenye 2 na lini kwenye L.

Kazi ya gesti ilikuwa yangu. Nilipiga simu nyingi, nikajifunza kwamba swali la bei ndilo jepesi kuliko yote. Chumba kiko chini au ghorofani? Kutoka kitandani hadi choo ni hatua ngapi? Baa iko mbali kiasi gani, na muziki unazimwa saa ngapi? Maji ya moto yapo? "Yapo," dada mmoja wa Njombe alinijibu, "tunachemsha, tunakuletea kwa ndoo." Nilimpenda kwa ukweli wake nikaweka oda. Nikamwomba pia jambo la mwisho: mablanketi mazito, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi tutafika Juni, baridi ikiwa kali. Watu hufunga madirisha, huweka jiko miguuni, na hewa ya mkaa huwaua wakiwa usingizini. "Hapa hatuingizi jiko, dada," alisema. "Mama atakuta chupa ya maji ya moto ndani ya shuka."

Juni nimeichagua kwa sababu mvua za masika zinakuwa zimekwisha na kingo za barabara hazimomonyoki. Mama alisikitika kidogo. Maua ya Kitulo, kule juu ya Makete, huchanua kati ya Novemba na Aprili, na watu wa nje huja kuyaona. Juni yatakuwa yamekauka. "Basi," alisema, "nitayaona yakichanua."

Niliisikia kauli hiyo nikaipita. Nilikuwa bado nikiandika juu ya safari ya kwenda na kurudi, mwezi mmoja, labda na nusu.

Mama naye alikuwa na vituo vyake. Ruaha Mbuyuni, anunue vitunguu vya kumpelekea dada yake. Lugalo, karibu na Iringa, penye mnara wa mahali Wahehe walipolipiga jeshi la Wajerumani mwaka 1891. Amepita pale mara nyingi ndani ya basi na hajawahi kushuka. Na siku ya nne, kati ya Njombe na Makete, hospitali ya Ikonda.

"Ikonda unaumwa nini?" nikauliza.

"Siumwi. Nataka kufungua kadi ya kliniki. Nitakuwa nachukulia dawa pale."

Nikaangalia kona ya chumba. Sufuria yake kubwa ilikuwa imefungwa kwa khanga. Sweta zote nne, Biblia, picha ya marehemu baba iliyotolewa ukutani. Mtu anayekwenda kutembea habebi sufuria. Nilitaka kubishana, nilikuwa na sababu, na baadhi zilikuwa nzuri: daktari wake yuko Dar, mimi niko Dar. Lakini alikuwa amefikiria Ikonda kabla yangu, na jinsi ya kufika kliniki, na nani wa kumsindikiza. Alikuwa amepanga kama mimi nilivyopanga, ila yeye alianzia mwisho.

Nikaongeza Ikonda kwenye daftari, saa moja na nusu. Nikaandika saa za dawa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, ya kubandikwa ukutani kwa mama mkubwa.

Ukurasa wa kurudi ni mfupi. Makete hadi Iringa, Iringa hadi Dar es Salaam, usiku mmoja. Peke yangu sihitaji zaidi. Mama aliusoma, akaomba kalamu, na kwa mwandiko wake ulionyooka akaongeza mstari mmoja kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni: "Kitonga. Kabla hujaanza kushuka, simama, unipigie."