Kutua, Kutulia, Kutuliza

Kuna jambo linalozungumzwa sana siku hizi katika nchi za Magharibi, nalo limekwisha kutufikia kwa njia ya simu za vijana wetu. Mtu huambiwa avue viatu, asimame juu ya udongo, avute pumzi polepole, na ile nishati iliyomvuruga itamtoka miguuni iingie ardhini. Wengine hushauriwa wafanye hivyo pamoja na paka au mbwa wao, kwa hoja kwamba mnyama hubeba fadhaa ya bwana wake. Mpwa wangu aliyeko Muscat ndiye aliyeniuliza: Mjomba, tuiiteje desturi hii kwa Kiswahili? Swali lilinijia wakati ambao mimi mwenyewe nilikuwa na haja nalo.

Fikra ya kujiunganisha na ardhi ilipata nguvu Marekani kwa mtu aitwaye Clinton Ober, aliyekuwa katika biashara ya televisheni ya waya. Alijua kwamba waya usiounganishwa na ardhi huingiwa na mikwaruzo, akajiuliza kama mwili wa binadamu anayekanyaga soli za mpira nao haupungukiwi na kitu. Kitabu alichoandika na wenzake kilitoka mwaka 2010. Mwaka huohuo sisi wa Pemba tulianza kupata umeme wa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, tukaachana na utegemezi wa majenereta ya Wesha. Fundi yeyote wa umeme atakwambia kwamba nyumba isiyo na ethi ni hatari, na hilo ni kweli isiyo shaka. Lakini kwamba mwili wa mtu hupona kwa njia hiyohiyo, halijathibitishwa. Tafiti zilizofanywa ni chache na ndogo. Tena sisi tuliokulia miguu mitupu twajua kwamba udongo huohuo ndio mlango wa minyoo ya safura, na jeraha likiuingia huweza kuleta pepopunda. Lau udongo peke yake ungetuliza, watoto wa zamani wa Chake Chake tungekuwa watulivu kuliko viumbe vyote.

Basi nikauacha umeme, nikalirudia neno.

Kutua ni kushusha mzigo. Jua hutua, ndege hutua, na mwenye pakacha la karafuu kichwani humwambia amkutaye, "Nitue." Kinyume chake ni kutwika. Sasa, kama vile kaa inavyozaa kalia, na vaa ikazaa valia, ndivyo tua ilivyozaa tulia: ile "l" iliyomezwa zamani hurejea pindi kitenzi kinaponyambuliwa. Kwa hiyo kutulia, kwa asili yake, ni kutua mahali. Mnyambuliko huo hauachi swali la "wapi?" lipotee. Anayo jamaa mwingine, kutuama, ambako ni kwa maji yaliyokuwa yamevurugika kisha tope likashuka chini, yakaonekana hadi sakafu ya mtungi. Wazee wetu hawakuhitaji kuzungumza juu ya nishati. Waliona mzigo, wakaona tope, wakaona vyote viwili vina pa kushukia.

Mke wangu alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha paka jike, mweupe mwenye mabaka, ambaye hakuwa wangu hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu tu aliyeishi nyumba moja naye. Baada ya khitma, jamaa walipokwisha kusafisha na kupanga vyumba kwa wema wao, paka yule alianza kuzunguka. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaingia uvunguni, akatoka, akalia usiku kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Chakula alikinusa akakiacha. Nami nilikuwa katika hali iyo hiyo, ila sikuwa nikilia kwa sauti.

Jirani aliniambia nimshike nimpake mafuta kichwani. Mpwa wangu akaniandikia nimtoe nje, tusimame sote wawili juu ya majani. Paka hakukubali kushikwa, seuze kusimamishwa.

Ndipo nilipozingatia kitenzi cha tatu, kutuliza. Anayetuliza ni mtuaji wa mzigo wa mwingine. Na kila aliyewahi kubeba anajua: mwenye mzigo kichwani hawezi kumtua mwenzake. Sharti kwanza atue wake. Halafu kuna lile swali la wapi. Niliutoa mkeka wa marehemu uliokuwa umekunjwa juu ya kabati, nikautandaza palepale ulipokuwa ukitandikwa, karibu na dirisha la ua, bila kuufua. Nikakaa chini. Sikumwita paka wala sikumkodolea macho, maana paka hulihesabu jicho la kukazwa kuwa ni tishio. Nilivuta uradi wangu wa baada ya Alasiri, polepole, kama nilivyouvuta miaka yote.

Siku ya kwanza alipita. Siku ya pili alisimama ukingoni mwa mkeka akanusa. Siku ya nne alijikunja kwenye kona yake, akanitazama, akafumba macho taratibu. Usiku ule alikula. Mimi nililala hadi adhana ya Alfajiri, jambo ambalo lilikuwa limenipotea tangu msiba.

Sidai kwamba kuna kitu kilichotoka miguuni mwetu kikaingia ardhini. Nadhani paka alihitaji harufu, mahali, na kiumbe mwenzake asiyehangaika. Nami nilihitaji hivyo hivyo. Na asije mtu akafanya kukaa mkekani kuwa dawa ya kila kitu. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla na aonwe na daktari wa mifugo kwanza. Kisiwa hiki kimepata kusumbuliwa na kichaa cha mbwa, na kilichokiondoa ni chanjo za mbwa, si pumzi ndefu.

Nanyi washairi mtanivumilia kwa neno moja la mwisho. Mshororo unaofunga ubeti twauita kituo, nao ukirudiwarudiwa twauita kibwagizo. La kwanza latokana na kutua, la pili na kubwaga. Na yote mawili ni maneno ya wachukuzi. Waliotuachia sanaa hii waliuona ubeti kuwa ni mzigo wa muda, usiofaa kumwacha msikilizaji amesimama nao kichwani. Katika Pemba ya Kamange na Sarahani, shairi lilisomwa mbele za watu, na kituo kilikuwa ndipo watu waliposhusha pumzi pamoja.

Kwa hiyo nimemjibu mpwa wangu kwamba hatuna haja ya kuunda istilahi. Aseme kutulia, ila asisahau kuuliza ni wapi, na ni nani aliyetua kwanza. Nanyi wasomaji wa Mvita, Lamu, Mrima na Ngazija, ikiwa kwenu mna neno jengine kwa hali hii, nifahamisheni, tuliweke pamoja na haya.