Ugali wa Ngumi Moja

Umesoma katika Biolojia kwamba wanga humeng'enywa ukawa glukosi, nayo huingia katika damu. Mimi somo hilo nalirudia kila siku mezani. Nina kisukari cha aina ya pili, na kliniki ilinishauri nipunguze ugali, wali na chapati: nusu ya sahani mboga, robo samaki au mayai, robo tu wanga.

Kujua ni rahisi. Taabu ni saa mbili usiku, ugali ukifuka moshi na kila mtu akimega. Wiki za mwanzo nilistahimili kwa ukaidi, na ukaidi huisha. Walionishikilia ni watu. Mke wangu aliongeza mchicha ukawa bakuli zima, ugali wangu ukawa ngumi moja. Binti yangu, mtahiniwa kama wewe, huandika kipimo changu cha sukari daftarini kila asubuhi. Kikipanda, haniulizi nilikula nini. Huuliza leo tupike nini. Shangazi yeye alidhani nimenyimwa chakula, akawa ananifichia chapati kwenye kitambaa! Nilimwomba anipikie matembele badala yake, na sasa hachoki kuyaleta.

Huenda nyumbani kwako yupo anayehesabu matonge. Usimbembeleze kwa "moja tu", keti ule naye. Ila kama anatumia dawa, daktari ajulishwe kwanza: wanga ukipungua na dozi ikabaki ileile, sukari yaweza kushuka kupita kiasi.